Miche yangu imekufa mara tatu kwenye roshani: kosa ni jua, maji, samadi au ni mimi?

#1 MpangajiUpanga
Habari za asubuhi wadau. Ninaishi ghorofa ya tatu hapa Upanga, Dar es Salaam, na roshani yangu ina urefu wa mita tatu na upana wa mita moja na robo. Tangu mwezi wa tano ninajaribu kupanda mboga na sijawahi kula hata jani moja.

Mara ya kwanza nilipanda mbegu za mchicha katika ndoo mbili za rangi za lita 20. Ziliota siku ya nne, nikafurahi, kisha miche ikarefuka kama nyuzi, ikapauka na kulala chini. Mara ya pili nilinunua miche kumi ya nyanya aina ya Tanya. Kingo za majani zikaanza kuungua na kuwa za kahawia, na baada ya wiki mbili nilibaki na miwili. Sasa tuko mwezi wa nane, nimepanda hoho sita, na majani yake yanajikunja kuelekea chini. Ninamwagilia asubuhi na jioni bila kukosa. Udongo nilinunua kwa vijana wanaouza maua barabarani, nikachanganya na samadi ya kuku niliyoletewa kutoka Kibaha, na maji ni ya kisima cha jengo letu. Roshani inatazama upande wa Kariakoo. Naomba kujua kosa liko wapi kabla sijanunua miche mingine.

#2 KisimaChaChumvi
Umejijibu mwenyewe, dada. Visima vingi vya mjini kwenye ukanda ule karibu na bahari vina maji ya chumvi. Kingo za majani kuungua ndiyo dalili yenyewe, kwa sababu mmea hunywa maji, maji yakatoka kupitia majani, na chumvi ikabaki pembeni. Nilipoteza miche arobaini ya pilipili kwa njia hiyo hiyo.

#3 MorogoroAgro
Chumvi inawezekana, lakini tusiharakishe. Samadi ya kuku ikiwa mbichi huunguza mizizi kwa amonia, na dalili zake kwenye majani zinafanana sana na za chumvi. Naomba unijibu kwanza: hiyo samadi ilikuwa na harufu kali ya kuwasha pua ulipofungua kiroba, na kiroba kilikuwa na joto ndani?

#4 KakaLeeds
Salamu kutoka Uingereza. Nina bustani ya balkoni huku kwa mwaka wa tano. Jambo la kwanza kwa anayeanza ni mwanga, na kanuni ni moja tu: tafuta roshani inayotazama kusini, kwa kuwa ndiyo inayopata jua siku nzima. Ikiwa ya kwako inatazama kaskazini, panda mnanaa na uachane na nyanya.

#5 MpangajiUpanga
MorogoroAgro, ndiyo, kiroba kilikuwa cha moto kama mtu mwenye homa, na kwa siku mbili hatukuweza kukaa sebuleni. Muuzaji alisema hiyo ndiyo nguvu ya mbolea.

#6 NahodhaMstaafu
Kaka wa Leeds, kanuni yako ni sahihi huko uliko na ni kinyume huku. Dar es Salaam iko takriban digrii 7 kusini ya ikweta. Kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi karibu tarehe 10 Oktoba, jua la saa sita mchana linapita upande wetu wa kaskazini. Ni katika miezi mitano iliyobaki tu ndipo linapopita upande wa kusini. Sasa huyu dada anasema roshani yake inatazama Kariakoo, naye anaishi Upanga. Basi inatazama kusini. Alipanda mchicha mwezi wa tano, nyanya kipindi cha kipupwe na hoho Agosti, yaani amechagua miezi yote ambayo jua liko nyuma ya nyumba yake. Mchicha kurefuka kama uzi maana yake ni kwamba ulikuwa unalitafuta jua na hukulipata.

Na kuna jambo la pili. Miezi hiyo hiyo ndiyo ya upepo wa kusi, unaovuma kutoka kusini. Roshani yako inapigwa na upepo usoni na jua iko mgongoni. Chombo cha namna hiyo mimi nisingekitia baharini.

#7 KakaLeeds
Nahodha, asante kwa kunirekebisha. Miaka kumi na mbili ya baridi imenisahaulisha kwamba nyumbani jua hupita juu ya kichwa.

#8 MpangajiUpanga
Nimetoka na dira ya simu. Inaonyesha kusini kamili. Ninajisikia kama mtu aliyefungua duka nyuma ya ukuta.

#9 FundiNondo
Pamoja na hayo ya jua, naomba mtu aseme kuhusu uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja, na ndoo ya lita 20 iliyojaa udongo wa kawaida uliolowa inaweza kuvuka kilo 30. Ndoo kumi ni kilo 300 zilizosimama mahali pamoja usiku na mchana. Tangu lile ghorofa la Kariakoo liporomoke Novemba 2024, kila mpangaji ananiuliza habari za nguzo, lakini haohao wanapanga mapipa kwenye ukingo wa roshani. Weka ndoo zako karibu na ukuta wa nyumba, usiziweke kwenye ncha ya bamba, na punguza udongo kwa kuchanganya pumba za mpunga zilizochomwa au makumbi ya nazi yaliyochambuliwa.

#10 MorogoroAgro
Fundi yuko sahihi kuhusu wepesi, na mchanganyiko huo unasaidia pia kupitisha hewa kwenye mizizi. Kwangu mimi ninatumia sehemu mbili za udongo, moja ya samadi iliyooza na moja ya pumba zilizochomwa. Iliyooza maana yake imekaa miezi mitatu kivulini ikigeuzwa, haina joto, haina harufu, na ukiishika unadhani ni udongo. Ila ushauri wa kuzisogeza ndoo ukutani unagongana na wa Nahodha, kwa sababu mwanga uko ukingoni.

#11 FundiNondo
Basi achague kati ya nyanya na jirani wa chini.

#12 JiraniWaChini
Kwa kuwa nimetajwa, naomba niseme kwa niaba ya wote tunaoishi chini ya bustani za watu. Mwaka jana shuka zangu nyeupe zilipata mistari ya samadi mara tatu kwa wiki moja. Nilipopanda kuuliza, mwenye bustani aliniletea fungu la mchicha, nami kwa unyonge nikalipokea, na tangu siku hiyo sina mdomo wa kulalamika. Wekeni sahani chini ya ndoo.

#13 Mdadisi
Sahani chini ya ndoo ndiyo nyumba ya mbu. Dar ilikuwa na mlipuko wa dengue mwaka 2014 na tena mwaka 2019, na mbu wa dengue anataga hata kwenye maji yanayojaa kizibo. Huyo huuma mchana, wakati ndiyo umeinama unang'oa magugu. Ukiweka sahani, ijaze mchanga, au imwage na kuisugua kila baada ya siku tatu, kwa kuwa mayai yake hugandana na ukingo na kumwaga tu hakuyaondoi.

#14 Sukuma254
Hamjambo majirani. Mimi niko Nairobi, na ninaona mnamtisha mgeni bure. Hapa kwangu sukuma wiki imeota kwenye gunia, nimetoboa matundu pembeni, nimeweka mawe katikati kwa ajili ya kupitisha maji, na familia ya watu watano inakula mara mbili kwa wiki. Aachane na nyanya, apande sukuma kumi, na habari iishe.

#15 KisimaChaChumvi
Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ndugu yangu, na usiku wenu una baridi ambayo sukuma inaipenda. Huku Pwani sukuma yako itakuwa chakula cha vidukari kabla hujanunua unga. Mchicha, matembele na bamia ndiyo wenyeji wa joto letu. Matembele hata mbegu hayahitaji: unachukua kikonyo chenye vifundo vinne, unakilaza, unafukia vifundo viwili, basi.

#16 MzeeMakopo
Nimekuwa nikisoma kimya. Mwaka 1974, wakati wa Kilimo cha Kufa na Kupona, nilikuwa karani kijana hapa mjini na tulihimizwa kulima kila kipande. Sikuwa na kipande, nilikuwa na dirisha. Nilipanda mchicha kwenye makopo ya mafuta ya kupikia na ukakubali, kwa maji ya bomba na majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa. Hatukuwa na dira wala samadi ya Kibaha. Nadhani huyu binti anauchosha mmea kwa huduma. Maji mara mbili kwa siku, mwezi wa sita, kivulini, katika ndoo ambayo hajatuambia kama ameitoboa!

#17 MorogoroAgro
Shikamoo Mzee Makopo. Umeuliza swali ambalo mimi ndiye niliyepaswa kuuliza kwanza.

#18 MzeeMakopo
Marahaba. Haya, binti, ndoo ina matundu au haina?

#19 MpangajiUpanga
Shikamoo mzee. Ina tundu moja, nililitoboa kwa msumari wa moto. Nilipoinamisha ndoo ya mchicha wa kwanza leo, maji yalitoka meusi yenye harufu ya bomba la jikoni, na tundu lilikuwa limezibwa na kipande cha gunia nilichoweka ili udongo usitoke.

#20 MorogoroAgro
Basi ule mchicha ulikufa kwa kinyaushi. Ni ugonjwa wa vimelea vinavyoishi kwenye udongo uliojaa maji. Mche hunyauka na kulegea shingoni, pale unapogusana na udongo, kisha hulala ukiwa bado na rangi ya kijani. Toboa matundu sita hadi manane yenye upana wa kidole kidogo. Na kabla ya kumwagilia, ingiza kidole hadi kifundo cha pili. Ukihisi ubichi, rudisha maji jikoni.

#21 NahodhaMstaafu
Lakini amesema ulirefuka na kupauka kwanza. Kinyaushi hakipaukishi. Mche uliokosa jua ni dhaifu, na dhaifu ndiye anayeshikwa na ugonjwa. Mimi sitoki kwenye jua.

#22 KisimaChaChumvi
Na mimi sitoki kwenye chumvi. Birika la dada likiwa na ukoko mweupe ndani, kesi imekwisha.

#23 MorogoroAgro
Hapana, ukoko wa birika ni wa chokaa. Unaonyesha kwamba maji ni magumu, na maji magumu si lazima yawe ya chumvi. Chumvi ya mezani haigandi kwenye birika kwa namna hiyo. Njia ya uhakika ni kile kipimo kidogo cha TDS, yaani jumla ya chumvi na madini yaliyoyeyuka majini, wanachotumia wauzaji wa maji ya kunywa. Kwa nyanya, mavuno huanza kupungua maji yakivuka takriban miligramu 1,100 kwa lita. Maharage hayavumilii hata nusu ya hapo. Spinachi ni mvumilivu zaidi, kwa kuwa ni ndugu wa kiazi sukari. Kwenye ndoo hali ni mbaya kuliko shambani, kwa sababu ukimwagilia kidogo kidogo na maji yasitoke chini, chumvi ya kila siku inabaki humohumo.

#24 KisimaChaChumvi
Kwa hiyo nilisema kweli, ila kwa ushahidi wa uongo.

#25 BintiMaskati
Mimi ninaandika kutoka Maskati, ambako kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane hata mnanaa unaomba ruhusa ya kuingia ndani. Sisi hupanda kuanzia Oktoba. Naomba niongeze jambo ambalo halijaguswa: rangi ya chombo. Ndoo nyeusi ikipigwa na jua juu ya sakafu ya zege, mizizi iliyo upande wa jua inapikwa, na jani hukunjamana mchana hata kama udongo una maji. Mimi huweka chungu ndani ya chungu kikubwa zaidi na kujaza mchanga katikati, au ninapaka chokaa nyeupe nje. Hili litamfaa dada jua litakapohamia upande wake, maana akiokoka kivuli atakutana na moto.

#26 NahodhaMstaafu
Hata hilo jua lisimtishe sana. Mwezi wa Desemba jua la saa sita linasimama karibu wima, digrii 73 hivi kutoka upeo wa macho upande wa kusini. Juu yake kuna bamba la roshani ya ghorofa ya nne. Nimepiga hesabu: kama kutoka sakafu hadi bamba ni mita 2.7, mwanga wa saa sita utaingia ndani karibu sentimita 80 tu. Na kama kizuizi cha mbele ni ukuta wa tofali, kitakula sentimita 30 za kwanza. Kwa hiyo ana ukanda wa nusu mita. Atakapopanga ndoo aziinue juu ya kreti tupu za soda, la sivyo ataotesha kivuli.

#27 Mdadisi
Jukwaa hili lina manahodha wanaopima roshani za watu kwa digrii. Mimi hununua fungu la mchicha la shilingi mia tano pale chini, na jua lake limeshapigiwa hesabu na mkulima wa Mbezi.

#28 MzeeMakopo
Na hilo fungu lilimwagiliwa kwa maji ya mtaro gani? Hukuuliza. Endelea kula.

#29 MpangajiUpanga
Nimerudi baada ya wiki tisa. Asanteni wote. Nimefanya jaribio ili kumaliza ubishi. Nilichukua ndoo nne nikazitoboa matundu manane kila moja, nikaweka mchanganyiko ule ule wa udongo, pumba zilizochomwa na samadi ya zamani niliyopewa na mfugaji wa Goba. Nikapanda spinachi katika zote. Mbili ninamwagilia kwa maji ya kisima na mbili kwa maji ya bomba ya DAWASA ninayokinga yanapotoka. Za kisima nilizifunga uzi mwekundu kwenye mpini. Zile nyanya mbili zilizobaki nikazihamishia kwenye ndoo moja karibu na ukingo, juu ya kreti.

Kipimo cha TDS nilikiazima kwa muuza maji. Kisima kimesoma 1,340.

#30 KisimaChaChumvi
Naomba ukimya wa dakika moja kwa ajili ya heshima yangu.

#31 MpangajiUpanga
Subiri, kaka. Jumapili ya tarehe 12 Oktoba niliamka nikakuta nyuzi zote mbili nyekundu hazipo. Mlinzi anasema alimwona kunguru akiruka na kitu chekundu mdomoni kuelekea mnazi wa jirani. Ndoo tatu zina spinachi nzuri, moja imekufa kabisa, na mimi sijui tena ipi ni ipi, kwa sababu Jumamosi binti wa kazi alizihamisha zote ili apige deki.

#32 Mdadisi
Nimecheka hadi nimeitwa na bosi.

#33 JiraniWaChini
Kunguru hao si wenyeji. Walikuja kutoka India kupitia Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, eti wasafishe takataka, na mpaka leo wanasafisha kila kitu isipokuwa takataka. Kwangu waling'oa miche ya giligilani mmoja mmoja na kuipanga ukutani, wala hawakuila. Inawezekana hata zile hoho za mwanzo walizivuruga wao. Funga chandarua cha zamani juu ya ndoo.

#34 MorogoroAgro
Hoho zilikuwa zinajikunja kuelekea chini, na kunguru hakunji majani. Kujikunja chini kwa majani machanga ya juu mara nyingi ni utitiri, vijidudu ambavyo macho hayavioni. Ndoo iliyokufa onja udongo wake kwa ncha ya ulimi, kama una ujasiri.

#35 NahodhaMstaafu
Au aonyeshe ndoo iliyokufa ilikuwa imesimama wapi kabla ya kuhamishwa. Mimi nina hakika ilikuwa ile ya ndani, karibu na mlango.

#36 MpangajiUpanga
Nahodha, ilikuwa ya ndani kweli, lakini jirani yake aliyekuwa ndani zaidi ndiye mnene kuliko wote. Udongo nimeonja. Una ladha ya udongo.

Habari njema ni kwamba nyanya moja imezaa matunda mawili yenye ukubwa wa gololi. Habari mbaya ni kwamba moja limeanza kuwa jeusi chini, kama limekaliwa. Shemeji yangu anasema nisage maganda ya mayai niweke.

#37 MorogoroAgro
Huko ni kuoza kitako. Chanzo chake ni kalsiamu kutofika kwenye tunda, na mara nyingi kalsiamu ipo kwenye udongo, ila maji yanayoibeba yanakuja kwa kushtukiza: siku tele, siku hakuna. Ganda la yai huchukua miezi kuyeyuka, kwa hiyo litawafaa wajukuu wa nyanya hii. Umebadilisha ratiba ya kumwagilia?

#38 MpangajiUpanga
Nilipoambiwa hapa kwamba ninazidisha maji, nilipunguza hadi mara mbili kwa wiki.

#39 MzeeMakopo
Mwezi wa kumi, binti? Juani? Mimi nilikuwa ninazungumzia mwezi wa sita!

#40 KisimaChaChumvi
Na hizo mara mbili kwa wiki ni za kisima au za bomba?